Shimo la Mzee Qamara

Baba mkwe wangu, mzee Qamara, hajawahi kunipenda, na mimi sijawahi kumbembeleza anipende. Miaka kumi na mmoja nimeolewa hapa Kansay, nimemzalia mwanawe Fabian watoto watatu, wa kwanza Neema, lakini kwake mimi ni Mmasai tu. Mmasai, lete chai. Mmasai, funga mbuzi. Wake wa shemeji zangu wanaitwa mama fulani, kama watu. Mimi naitwa kabila.

Nyuma ya nyumba kuna chumba kilichochimbwa ndani ya ardhi. Babu yake mzee alikuwa akificha ng'ombe humo, Wamasai wakija kupora. "Shimo hili lilichimbwa kwa ajili ya babu zako," huniambia mbele ya wageni, kisha anacheka peke yake.

Mzee alifanya kazi ya bustani miaka thelathini kwenye loji moja kule juu, ukingoni mwa Ngorongoro. Alipostaafu alirudi na okidi. Maua, mwanaume mzima! Akavuta umeme mpaka shimoni, akatundika taa ndefu nyeupe, akapanga vyungu kwenye rafu. Asubuhi anawasha, jioni anazima, eti ndilo jua lao. Halafu akapiga marufuku: mtu asiingize kitu chochote mle, hasa Mmasai.

Okidi moja aliipenda kuliko wajukuu. Aliiokota Oldeani kwenye mti ulioanguka, ikiwa majani mawili yaliyonyauka, akailea miaka saba bila kuona ua. Mwaka huu ikatoa matumba tisa. Kwa furaha akapanda ngazi mbio aje kututangazia, akateleza, akavunjika nyonga. Sikucheka. Haya, nilicheka kidogo, jikoni.

Fabian yuko safarini na watalii. Nani wa kushuka? Mmasai. Kila asubuhi nikawa nashuka kuwasha taa na kunyunyiza maji, naye yuko kitandani karibu na dirisha, anafoka: "Usimwage! Usiguse! Yamefunguka?"

"Bado, baba."

Sasa, mle ndani taa zinaleta joto zuri. Mimi nauza ndizi mbivu sokoni Karatu, na nani asiyejua kuwa ndizi huvundikwa shimoni? Nikanunua mikungu minne ya Mto wa Mbu, nikaishusha mzee akiwa amelala, nikaifunika magunia chini ya rafu. Shimo lenu, ndizi zangu. Nilifurahi, nasema kweli.

Jumatatu maua yakafunguka, yote tisa, meupe pe. Nilikaa chini nikayatazama mpaka nikasahau uji jikoni. Nilipopanda, akauliza.

"Yamefunguka," nikasema. "Lakini sikuletei mpaka uniite mama Neema."

"Lete, Mmasai!"

"Basi yakae hukohuko."

Aliye juu mngoje chini, na mimi nilikuwa na shimo zima la kumngojea. Taa nikaziacha zinawaka, sikushuka tena. Jumatano akakataa uji. Nikamwambia, "Kula jeuri yako, utashiba." Alhamisi asubuhi nikasikia anaita, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mama Neema. Mwanangu. Niletee nione tu."

Weee! Nilikimbia mpaka kanga ikanidondoka uani. Nikafungua mlango wa shimo, harufu ya ndizi ikanipokea. Zimeiva vizuri, njano tupu. Juu yake maua yote yamesinyaa, mengine yameangukia magunia.

Nilimpelekea chungu hivyohivyo. Hakukitazama sana. Alininusa.

"Umevundika ndizi mle?"

"Ndiyo, baba."

"Ndizi ikiiva inatoa hewa inayoua maua ya okidi. Kule loji hata mfagiaji alijua. Ndiyo maana nilikataza."

"Hukuniambia sababu, baba. Ulisema tu Mmasai asiingize kitu."

"Sikujua kama wewe ni mtu wa kuambiwa."

Akageukia ukutani. Nilisimama pale na chungu mkononi, nikingoja matusi. Niliyataka. Babu zangu hawakuwahi kuingia shimo lile, na mimi nimeingia nikachukua kitu alichokisubiri miaka saba. Roho iliniuma, na inaniuma.

Ndizi niliziuza zote. Mzee bado yuko kitandani. Mpaka leo haniiti mama Neema, wala Mmasai. Akitaka chai, anagonga kikombe.