Jike Lenye Pembe

Kila Julai, nyasi kavu za pembezoni mwa Johannesburg zinapochomwa, moshi wake huingia mpaka makabatini, ukakaa kwenye mablanketi na kwenye nywele. Wengine husema hiyo ni harufu ya baridi tu. Mimi hunirudisha kwenye mwaka nilipokuwa na miaka kumi, tukiishi Malvern, nyumba ya uani karibu na Barabara ya Jules, mama yangu akiwa na mimba ya miezi mitano. Mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Nilikuwa mtoto wa pekee, na tuliishi kwa tahadhari: mama asiinue ndoo, mama asipande ngazi, mama asikasirishwe.

Baba alikuwa fundi wa makochi huko Doornfontein. Mteja wake mmoja, mkulima wa Kikaburu aitwaye Kobus, alikuwa amegeuka rafiki wa kweli, wa kunywa chai na kutaniana. Kobus alikuwa na ranchi Limpopo, mwendo wa saa nne kwa gari, na majira yale alimwambia baba aende akawinde pofu mmoja, yule swala mkubwa kuliko wote. Yeye mwenyewe alikuwa amelazwa akitibiwa nyonga, kwa hiyo hapangekuwa na wa kutuongoza. Alichora ramani nyuma ya bahasha, akatoa sharti moja: dume tu, majike yaachwe. Baba alifurahi kupita kiasi. Alikuwa mtoto wa mwindaji kutoka milima ya Fizi, Kongo, na bunduki aliyoipatia leseni tangu enzi za kazi yake ya ulinzi ilikuwa haijaua hata njiwa.

Mama hakufurahi hata kidogo. "Papa Sifa, kwetu mwanaume mwenye bibi ana mimba haendake kuwinda," alisema, kasimama mlangoni, mkono tumboni. "Hamwagake damu ya kitu chenye roho mpaka mutoto atoke."

"Ile ni mambo ya bababu, Mama Sifa. Siye tuko Joburg, bana," baba akajibu huku akicheka. Akanichukua na mimi, ati nikaone pori lenyewe badala ya lile la kwenye televisheni. Siku ile nilimwona shujaa. Kile kicheko chake kinanikasirisha mpaka leo.

Tulilala kwenye kibanda cha ranchi, tukaamka umande umeganda kwenye majani. Tulitembea asubuhi nzima, baba mbele, mimi nyuma nikikanyaga alipokanyaga yeye, mpaka tukawaona pofu wanne karibu na bwawa. Mmoja alikuwa mkubwa kuliko ng'ombe yeyote niliyewahi kumwona, rangi ya mchanga, ngozi ya shingo ikining'inia. "Ona pembe zile, Sifa," baba alininong'oneza. "Ile ni dume." Kwao Fizi, kulungu jike hana pembe, mwenye pembe ni dume, basi. Hakujua kwamba pofu jike naye anazo, tena ndefu. Kuuliza si ujinga, lakini baba aliona aibu; mtoto wa mwindaji amuulize Kaburu jinsi ya kumtambua dume? Alifyatua mara moja tu. Alikuwa na shabaha nzuri, maskini, na mnyama akaanguka palepale.

Alipomgeuza ndipo akaona kiwele. Alisimama kidogo na kisu mkononi, kisha akapasua tumbo, maana nyama haingoji. Ndama alikuwa ndani ya mfuko wake, kakamilika, ana kope, ana kwato nyeupe laini kama sabuni iliyolowa. "Eish," baba alisema. Akakaa chini. Baadaye alileta koleo kutoka kwenye gari, akachimba ardhi ile ngumu mpaka viganja vikachubuka, akamlaza ndama, akamfunika kwa sweta lake na kurundika mawe juu ili mbweha wasimfukue. Ndipo akanishika mabega. "Mama yako asijue. Umesikia? Ukimwambia, utamuua."

Kobus alimsamehe kwa simu siku ileile, akisema kosa hilo wengi hulifanya. Nyumbani, mama aliniuliza mimi. "Alikuwa dume?"

"Dume, mama," nikasema.

Akala nyama ile kwa bukari, ugali wa kwetu, akaongeza sahani ya pili. Wiki tatu baadaye alianza kutoka damu, akaenda hospitali, akarudi bila tumbo na bila mtoto. Aliambiwa mimba ya umri ule haina maziko. Baba alisalimisha bunduki polisi wiki ileile, asiseme kwa nini. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Sisi tulificha wawili, na aliyekosa mtoto ni mama.

Leo nafanya kazi benki huko Sandton, baba amekwisha kufariki, na nimesoma vya kutosha kujua kwamba risasi iliyopigwa Limpopo haiwezi kumdhuru mtoto aliye Malvern. Hata hivyo, mimba yangu mwenyewe ilipofika miezi mitano mwaka huu, niliogopa hata kupika nyama. Jumapili moja nilikwenda kwa mama, nikamkuta akichambua lengalenga, mchicha wa kwetu, nikamwambia yote: kiwele, ndama, na uongo wangu. Nilitaka anipige, au anilaani, tumalize. Kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba siri yangu ndiyo iliyokuwa mzigo mzito kuliko yote katika nyumba yetu.

Mikono yake ilisimama juu ya majani. "Ule ndama, mulimuzika?"

"Ndiyo, mama. Baba alimfunika kwa sweta lake, akaweka na mawe."

"Basi yeye alizikwa," mama akasema. "Wangu, hata kunionyesha hawakunionyesha."