Zaburi Isiyoimbika

Nilikuwa namhudumia bibi mmoja wa Kiskoti huku ughaibuni, kule Richmond Hill, mjane wa mtunzi wa muziki. Mumewe alikuwa mtoto wa fundi wa meli. Alifundisha muziki shuleni maisha yake yote, na jioni akitunga. Nyimbo zake za bendi zilipigwa sana huko kwao. Ile aliyoipenda kuliko zote, zaburi ya sauti nne bila vyombo, haikuimbwa hata mara moja mpaka akafariki. Kila kiongozi wa kwaya aliyepelekewa aliirudisha na jibu lile lile: haiimbiki.

"Mwishowe hata mimi nilimwambia aichome," bibi aliniambia asubuhi moja nikimvisha soksi. Hakuichoma. Ilikuwa kabatini, na daktari alikuwa ameshasema moyo wa bibi umechoka. Alitaka kuisikia kabla hajafa, ajue kama alimwonea mumewe.

Mimi nina kichwa kigumu, waulize wanangu. Nikaziomba zile karatasi.

Kwaya yetu ya Scarborough haisomi nota za mistari. Sisi tulilelewa na do-re-mi za herufi, zilizoandikwa ubaoni na walimu wa kwaya kule Tanzania. Bahati nzuri mimi nilifundishwa mistari utotoni, kwenye kinanda cha misheni, kwa hiyo kazi ya kugeuza ikawa yangu. Niliandika kwenye basi, nikaandika kliniki nikisubiri zamu ya bibi. Ukurasa wa tatu do ilihama mara nne, na kila ikihama herufi zote nikazipanga upya. Nilimtukana marehemu, Mungu anisamehe.

Mazoezini sauti ya pili na ya tatu ziligongana vibaya mno.

"Dada, huu ni wimbo au ni adhabu?" mwalimu wa kwaya aliuliza, na watu wote wakacheka.

Uso ukaniwaka. Nikadhani nimekosea kunakili, nikakagua nota moja moja nyumbani. Sikukosea. Yule mzee alitaka zigongane hivyo hivyo.

"Nipe Jumamosi sita," nikamwambia mwalimu. "Tukishindwa, pilau ya Pasaka napika peke yangu." Alikubali kwa sababu ya pilau, namjua.

Jumamosi ya nne bibi akaanza kukataa chakula. Sikungoja ya sita. Tulikwenda watu kumi na wawili, tukarundika makoti kitandani na kujipanga sebuleni mbele ya kiti chake. Ukurasa wa tatu sauti zikapoteana, tukakwama. Mwalimu akanitazama.

"Tunarudia," nikasema.

Mara ya pili tulifika mwisho.

Bibi alikuwa amefumba macho. Niliogopa kumuuliza.

"Bado ni mbaya," akasema. Kisha akanishika mkono, machozi yakimtoka. "Lakini inaimbika. Miaka yote ile ilikuwa inaimbika."