Aliyeitikia Amina Nyuma ya Ukuta

Wateja walimwita Mama Vifungo kwa sababu nguo ikishapita mikononi mwake haidondoshi kifungo mpaka ichakae. Aliishi chumba kimoja: kitanda upande huu, cherehani upande ule, na katikati meza ya kukatia vitambaa. Tangu mumewe afariki, kila alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda akaomba kwa sauti, tena sauti ya mtu anayeongea na ndugu yake aliyesimama ng'ambo ya barabara. Alimweleza Mungu mambo yote. Mgongo unauma. Yule mteja wa sketi amenenepa na hataki kuambiwa. Binti yangu kule alikoolewa, kile kitoto chake kimwache alale.

Kisha chumba cha pili, kilichopakana na chake na ambacho kwa miaka kilikuwa stoo, kikapata mpangaji. Alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi moja ya baa, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye nywele za rasta na hereni sikio moja. Yeye alirudi kutoka kazini wakati Mama Vifungo anaamka. Hawakuwahi hata kusalimiana, lakini mama wa watu alishamaliza kesi: huyo ni mvuta bangi, na huenda mkono wake mrefu. Akaanza kulala na mkasi wake mkubwa chini ya mto.

Alfajiri moja akalipeleka suala lenyewe kunakohusika.

"Baba, huyu jirani niondolee. Simtakii mabaya, wewe wanijua. Mtafutie nyumba nzuri, kubwa, lakini iwe mbali na hapa. Katika jina la Yesu."

"Amina," ikaitikia sauti nzito kutoka upande wa pili.

Mama Vifungo akaganda pale pale kwenye magoti. Ukuta ulikuwa mbao tupu zilizopakwa rangi, na hakuwahi kufikiria kwamba nyuma yake sasa kuna masikio.

"Na kama inawezekana, mama," sauti ikaendelea kwa adabu, "iwe na maji ndani."

Siku hiyo alishona mfuko wa shati ndani nje, akaufumua, akaushona tena vile vile. Alfajiri zilizofuata aliomba kwa kunong'ona, mdomo kwenye shuka, na maombi hayakumnogea hata kidogo.

Mchana mmoja mlango ukabishwa. Mpiga tarumbeta alikuwa amesimama kwenye korido, macho bado mazito kwa usingizi.

"Shikamoo mama. Unaumwa?"

"Marahaba. Kwa nini niumwe?"

"Siku hizi sikusikii. Nimezoea nikirudi nakusikiliza mpaka umalize, ndipo nalala. Marehemu mama yangu alikuwa anaomba hivyo hivyo, nyumba nzima inajua shida zake."

Mama Vifungo alitafuta pa kuweka uso. Magoti yake yalikuwa yamekomaa kwa maombi, na bado hatua chache za korido zilimshinda kuvuka aseme hujambo.

"Mwanangu, yale niliyosema siku ile, nisamehe."

"Uliniombea nyumba kubwa, mama. Wengine wananiombea jela."

Akacheka yeye, akacheka na mama, wakacheka mpaka mama akashika mgongo. Alipotulia akamuuliza kwa dhati, sasa amwombee nini. Jamaa akafikiri. "Midomo yangu iwe na nguvu, ndiyo kazi yangu. Na jaketi la jukwaani limechanika kwapani. Ila hilo nadhani ni lako, si la Mungu."

Jaketi lilishonwa siku hiyo hiyo. Mama Vifungo akamkaribisha pia kwenye kikundi cha maombi, kilichokutana chumbani kwake kila Alhamisi jioni.

Alikuja, shati limepigwa pasi. Mwenyekiti wa kikundi, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru, akamtazama nywele, akavuta pochi yake kutoka kwenye benchi akaipakata.

"Mama Vifungo, na huyu naye?"

"Huyu jirani yangu. Mwenyekiti, hiyo pochi irudishe tu. Mimi nimelala na mkasi chini ya mto kwa ajili yake, na nilichopata ni shingo kuuma."

Akina mama wakaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka, lakini pochi ikarudi benchini. Akaanzisha wimbo, juu mno kama kawaida yake, na kufika ubeti wa pili sauti zikaanza kukatika moja moja. Mpiga tarumbeta akaanzisha taratibu noti ya chini zaidi. Aliyekaa karibu naye akaifuata, kisha wa pili, na kwa mara ya kwanza kikundi kikafika mwisho wa wimbo bila mtu kukohoa.

Mambo hayakubadilika yote. Jamaa hakukata nywele wala hakuacha baa, na Mama Vifungo baa bado haipendi, naye humwambia hivyo waziwazi. Alhamisi nyingine jamaa huja, nyingine usingizi humshinda. Mama karudia sauti yake ya alfajiri, ila siku hizi kabla ya kumtaja mtu yeyote humwomba Mungu ampe kwanza nafasi ya kuzungumza na mtu huyo.

Juzi mwenyekiti alikuja mapema, akapita mlango wa Mama Vifungo kama hauoni, akabisha chumba cha pili. Alitaka kikundi kifundishwe sauti za nyimbo. Jamaa akasema sawa, ila mazoezi yawe jioni. Mwenyekiti akasema asubuhi. Mama Vifungo akawasikiliza wakivutana kwenye korido, akatia uzi kwenye sindano, akaendelea kushona.