Tofali Lililopoteza Kisa

Katika bonde hili hakuna mchonga matofali anayemfikia Fang Jinsheng. Ni kweli wamebaki wawili, na mwenzake anaumwa mgongo.

Saa moja asubuhi Jinsheng, miaka 55, ameinamia tofali la kijivu, anapuliza vumbi. Watoto wema wa visa vya kale, wale waliojitolea kwa wazazi wao, wote amewachonga: aliyelala juu ya barafu ampatie mama samaki, aliyelia msituni mpaka mianzi ikachipua katikati ya baridi kali. Tofali moja humchukua siku kumi na mbili. Mashine ya kiwandani, dakika arobaini.

Sasa amekwama. Mwaka 1966, vijana wa mapinduzi walipokuwa wakivunja vitu vya kale, wanakijiji walipaka udongo ukuta wa jumba la mababu, visa vilivyochongwa humo visivunjwe. Ulipobanduliwa mwaka jana, tofali moja lilikuwa limeliwa na maji. Imebaki miguu ya mtu mbele ya mama aliyeketi. Achonge upya kisa gani? Asipojua kabla ya sikukuu ya kufagia makaburi, wazee wa ukoo watakipa kiwanda kazi yote.

"Mimi nakikumbuka," alisema mama yake, Cheng Yuezhen, miaka 81. "Ila njaa inanifunga kichwa."

Basi kila jioni Jinsheng hupanda pikipiki, kilomita kumi na nane, kwenda kumuuliza. Zamani alikwenda mara moja kwa mwezi.

Jumatatu kilikuwa kisa cha samaki, akapelekewa samaki. Jumatano kikawa cha maziwa ya kulungu. Akapelekewa ya ng'ombe, akanuna. Ijumaa, machipukizi ya mianzi.

"Ma, una hakika? Nishachora mara tatu."

"We chora tu, mkono umekatika? Kesho njoo, nitakumbuka na kofia yake."

Caiyun, shangazi yake Jinsheng, alikuwa ameketi pale akimenya karanga.

"Wifi, tofali lipi hilo?"

"La ukutani."

"Udongo ule niliukanyaga kwa miguu yangu. Wewe ulikuja bibi harusi miaka miwili baadaye. Uliliona wapi?"

Mama akatia vijiti vya kulia bakulini, akatafuna.

"Shangazi, kwani kilikuwa kisa gani?" akauliza Jinsheng.

"Yule mzee wa miaka sabini aliyevaa kitoto akacheza, wazazi wake wacheke. Chakula hakikuwapo hata punje."

Jinsheng akamgeukia mama yake. Mama akaweka vijiti chini, akajishika koo.

"Mwiba," akasema. "Mwiba wa samaki umenikwama."

Bakulini mlikuwa na mianzi mitupu.