Nilimkalisha Mama Meza Moja na Mkwewe

Kosa ni langu, nalisema mapema kabla hujaanza kunihurumia. Nilimdanganya mama yangu mzazi, nikamdanganya na mume wangu, siku moja, mchana mmoja. Na sababu ilikuwa chakula. Ndiyo, chakula tu.

Jina langu silitaji. Sisi Wakongo wa Brussels tunajuana, ukitaja kanisa unalosali tu, kesho simu inaanza kulia. Itoshe kujua kwamba natoka Bukavu, mji wa vilima, nakaa Koekelberg, na nyumbani tuko watatu: mimi, mume wangu, na mama yangu ambaye alitufikia baada ya vita. Mtoto hatujajaliwa bado.

Mimi ni mtu nisiyetulia. Kazini, kwenye nyumba ya wazee kule Etterbeek, wenzangu wananicheka kwamba hata kahawa nakunywa nikitembea. Nikiona kitu kimekaa vibaya lazima nikisogeze, hata kama si changu. Huo ndio ugonjwa wangu, na ndio ulionifikisha hapa.

Sasa, kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawali pamoja. Hawatakiwi hata kuonana wakitafuna. Si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa. Na ina siku yake ya kwisha: mkwe analeta mbuzi na kitenge, wazee wanakaa, watu wanaalikwa, wanawake wanapiga vigelegele, ndipo mama mkwe anakula naye mbele ya wote. Tunaita kufungua. Kabla ya hapo kila mtu na upande wake.

Katika nyumba ndogo ya Koekelberg, mume wangu alikuwa akila sebuleni. Mama alikuwa akila jikoni, mlango umefungwa. Akitaka kwenda chooni alikuwa anakohoa kwanza, ili mkwewe asikie na aweke uma chini. Na mume wangu alikuwa anauweka kweli, anafuta mdomo, anangoja mpaka hatua za mama zipite. Mimi niko katikati, kwenye koridoo, na sahani mkononi. Nalisha huku, nakimbia kule, mwenyewe nakula nimesimama.

Wao hawakulalamika hata siku moja. Mimi ndiye niliyechoka.

Basi mwenzangu mmoja wa kazini, Mwitaliano aliyezaliwa huku huku Ubelgiji, akaniambia shangazi yake ana nyumba ya wageni katika kijiji cha pwani kule kwao. Bei nafuu, chakula cha asubuhi na cha jioni ndani yake. Nikaruka. Mama alikuwa hajacheka tangu afike Ulaya, nikasema bahari itamchekesha. Sikuuliza meza zimepangwaje. Nani anauliza meza?

Tulipandia treni Gare du Midi. Mama alikuwa amechemsha mayai, amekaanga samaki, amefunga mikate kana kwamba tunahama. Tukawekwa watatu katika chumba kimoja cha behewa, magoti kwa magoti. Mama alipofungua kikapu, mume wangu akachukua yai lake na mkate, akaenda kusimama koridooni akitazama giza la dirisha. Alipomaliza akarudi. Mama akaniambia anasikia joto, akatoka yeye naye na samaki wake. Nusu ya Ulaya tuliivuka hivyo, wanapishana mlangoni, na mimi natetemesha mguu.

Tulishuka kwenye kistesheni kilichobanwa kati ya mlima na bahari, nusu yake imo ndani ya handaki. Gari haliingii kijijini. Ukitaka kwenda popote ni ngazi za mawe, au treni ndogo, au mtumbwi wa injini unaotoka kijiji hadi kijiji. Nyumba zimepandana, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu. Mama alitazama zile ngazi akasema, "Eh, mwana wangu, ulituleta Bukavu tena."

Jioni tukaingia chumba cha kulia. Signora, mwenye nyumba, alikuwa ametuandalia meza moja dirishani, viti vitatu, na kila mtu kifuko chake cha kitambaa cha kufutia mdomo. Mahali pako ni hapo mpaka siku ya kuondoka. Mama akasema hana hamu ya kula. Mume wangu akasema ana hamu ya kutembea. Nikabaki na viti viwili vitupu na Signora akinitazama kama niliyemtukana.

Nikaomba nichukue sahani moja juu. Akakataa, chakula chake hakipandi ngazi. Nikatoka nje nikanunua ule mkate wao bapa wa mafuta na chumvi, nikampelekea mama kitandani, nikashuka tena kumtafuta mume wangu, nikamkuta kwenye ukuta wa bandari anakula mkate huo huo kwenye karatasi. Kupanda, kushuka. Nilikuwa nimekuja mbali namna ile kufanya kazi ya koridoo ya Koekelberg, safari hii kwenye ngazi za mawe!

Kesho yake mchana nikaamua kuimaliza mwenyewe.

Nilimkuta mama amekaa kitandani, nikamwambia, "Maman, mukwe wako anaomba mukule pamoja. Alisha tuma mbuzi kule Bukavu kwa bakubwa, ba tonton, bamekubali. Alikuwa anaona haya kukuambia."

"Bamekubali bila kuniita?"

"Ni vita, Maman. Batu bametawanyika. Bamefanya haraka."

Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. "Bon," akasema. "Kama bakubwa bamekubali, miye ni nani."

Kisha nikamfuata mume wangu bandarini. "Maman amekufungulia. Anasema tuko mbali, bavieux, bazee ba kwetu, bako mbali, yeye mwenyewe anatosha."

"Yeye mwenyewe ndiye alisema vile?"

"Yeye mwenyewe."

Akanitazama kama mtu mwenye neno mdomoni, halafu akalimeza. Mimi nikadhani ni furaha. Nilikuwa na hakika hawataulizana, kwa sababu mkwe hamuulizi mama mkwe mambo kama hayo. Umeona? Nilitumia heshima yao ile ile kuuficha uongo wangu.

Jioni mama alishuka amefunga kitambaa kipya kichwani, kile cha kanisani. Alikaa. Mume wangu akakaa. Wote wawili macho kwenye sahani. Signora akaleta tambi zenye rojo la kijani la majani yaliyotwangwa, mama akainamia akanusa.

"Hii ni sombe?" akauliza, kama anayeulizia kisamvu cha kwetu.

Mume wangu akacheka akiwa ameinamia sahani yake. Wakaleta na samaki wadogo wa chumvi, mama akasema hao anawajua, ni ndagala waliopotea njia. Tukacheka sote. Na mimi nilikula nimekaa! Nilikula mpaka nikapangusa sahani kwa mkate. Ningekuambia usiku ule nililala na majuto ningekuwa naongeza uongo mwingine. Nililala vizuri.

Siku zilizofuata ziliendelea hivyo, na mimi nikazidi kujisifu moyoni. Watu wazima wanateseka bure, nikasema, mpaka atokee mwenye akili. Mpaka siku ya mtumbwi.

Tulitaka kuona kijiji cha pili. Bahari ilikuwa imechafuka kidogo, lakini watu wanapanda, nasi tukapanda. Mimi nilikwenda mbele na kamera, maana kukaa siwezi. Mama na mume wangu walikuwa nyuma kwenye benchi. Mawimbi yakaanza kuturusha. Nikageuka, nikaona mume wangu amemshika mama mkono ili asianguke, na wanazungumza, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Injini inanguruma, sisikii neno. Nikainua kamera nikawapiga picha. Ndani ya kile kidirisha nikaona mama ameutoa mkono wake, na ananitazama mimi.

Maneno yenyewe mume wangu alinieleza baadaye. Alikuwa amemwambia, "Maman, aksanti sana kwa kunifungulia." Mama akajibu, "Miye? Si ni weye ulituma mbuzi?" Akamuuliza, "Mbuzi gani, Maman?" Basi. Maneno hayo tu.

Ukiwa kwenye basi unaweza kushuka. Kwenye mtumbwi unakaa. Nilisimama pale mbele nimeshika chuma, natamani kuruka majini, na kijiji kile kilikuwa hakifiki.

Kurudi mama alikataa mtumbwi. Tukakaa kwenye benchi la stesheni kungoja treni, na mimi nikaanza kueleza: nilichoka, tuko Ulaya, nilitaka tu mle kama watu. Nilizunguka mbele yao kama kuku. Mama aliniacha nimalize.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Vita ilikamata nyumba," akasema. "Ikakamata baba yako. Huku mutoto mudogo ananiita madame, ananionyesha mulango. Kitu moja ilikuwa imebakia: nikipita, mwanaume mukubwa anaweka chakula yake chini, juu yangu miye. Juu ya ile nilikuwa najua ningali muntu. Weye umekamata na ile."

Hakupaza sauti. Ningefurahi kama angepaza.

Nikamgeukia mume wangu anitetee. Alikuwa anatazama reli. Akasema polepole kwamba yeye na tonton wake, mjomba wake anayekaa Etterbeek, walikuwa wameshapanga siku ya kufungua. Tukirudi tu, Jumapili, nyumbani kwa tonton. Mbuzi amekwisha agizwa, kitenge kimekwisha nunuliwa, wamama wa kanisa wamekwisha ambiwa wanyamaze. Walitaka kumshtua mama kwa furaha. "Pale bandarini nilitaka kukuambia," akasema. "Alors, nikaona kama Maman mwenyewe amechoka kungoja, miye ni nani wa kumukatalia?"

Mama alisikia yote. Aliuliza kitu kimoja tu: wamama wangapi? Mume wangu akamwambia. Akatikisa kichwa kidogo, kana kwamba anawahesabu wanapoingia mlangoni.

Jioni ile nilidhani hatashuka. Alishuka. Akakaa kwenye kiti chake, akatoa kitambaa kwenye kifuko, akala mbele ya mkwewe mpaka mwisho. Nikamnong'oneza kwamba halazimiki. "Tulisha kula naye," akanijibu. "Nikikataa sasa, itakuwa mchezo." Kitambaa cha kichwani kilikuwa kile cha kila siku.

Tuliporudi Brussels nilikwenda kwa tonton peke yangu. Nililia, nikamwomba afanye ile Jumapili hivyo hivyo, watu hawajui lolote. Alinisikiliza, ni mzee mpole sana. "Mama," akaniambia, "donc tunafungua nini? Bamekwisha kula." Akanionyesha tu mikono yake mitupu. Mbuzi walimwambia mwenye nyama amuuzie mwingine.

Kitenge mume wangu alimpa mama hata hivyo, jioni moja, mezani, kati ya sahani. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakitia kabatini. Ni kizuri, cha maua makubwa ya manjano. Mpaka leo baridi imeingia hakijakwenda kwa fundi, na mimi ndiye ninayelifungua kabati kila Jumamosi kuangalia.

Hakuna ugomvi nyumbani. Usifikiri mume wangu amenipiga au mama amenilaani. Ingekuwa hivyo ningepata pa kuanzia. Wananisalimia, wananiuliza habari za kazi. Ila nikiwaambia jambo lolote, hata kwamba mvua inanyesha, naona kila mmoja anatupa jicho dirishani kuhakikisha.

Wewe unayesoma, dada yangu hasa, wewe usiyeweza kuona watu wawili wanangojana bila kuingilia kati: kaa. Pengine kule kungoja kwao ndiko wanakopendana, nawe unaona usumbufu tu kwa sababu unabeba sahani. Beba sahani. Uchoke, ulalamike, useme wazi kwamba umechoka, mimi sikusema hata mara moja. Lakini usiende kwa huyu ukamsemea yule. Ruhusa ya mtu haitolewi na mwingine, hata kama ni mama yako, hata kama unajua jibu lake lingekuwa ndiyo. Mimi jibu lingekuwa ndiyo! Lilikuwa limebakiza Jumapili moja.

Sasa hivi naandika jikoni, na wao wako sebuleni wanakula. Meza moja, kama nilivyotaka. Nasikia vijiko. Mama hakohoi tena akipita, na mume wangu haweki tena uma chini. Kiti changu kiko pale kati yao, wamekivuta nikae, wameniita mara mbili. Nimewaambia naja. Sahani yangu iko hapa juu ya jiko, na mimi nakula nimesimama.