Kuku Ndani ya Spika ya Baba

Uvumilivu uliniishia Jumanne asubuhi, nilipoingia stoo ya kijiji kuchukua jembe nikamkuta kuku anaatamia ndani ya spika ya marehemu baba. Ile karatasi nyeusi ya mbele ilikuwa imechanika, naye kajipenyeza kwenye tundu, katulia juu ya sufi ambayo baba aliipanga kwa mikono yake.

Nilimfuata mwenyekiti wa kijiji papo hapo, mtoto mgongoni. Shikamoo nilimpa, maana nimelelewa. Kisha nikamwuliza kile ni nini.

"Marahaba. Tulia, Mama Zuhura," akasema. "Kasha lile limekufa siku nyingi. Na kuku yule ni wa kijiji, kwa hiyo bado liko mikononi mwa kijiji."

Waliokuwepo wakacheka. Mimi sikucheka.

Nyinyi mliokua nami mnamkumbuka baba, seremala wa kitongoji chetu cha zamani, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Kilwa Masoko. Uhuru ulipoingia, kila mwenye redio alitaka na spika ya kuunga kando yake, na baba ndiye aliyetengeneza makasha. Tulimfuata nyumba hadi nyumba, tukigombania kubeba mkoba wake ulionuka vumbi la mninga. Kazi yetu ilikuwa kutandika mikeka, ukuta hadi ukuta, na kuihesabu. Ndivyo alivyopima chumba: mikeka miwili, mitatu, minne. Halafu anatunyamazisha, anasimama katikati, anapiga kofi moja na kusikiliza linavyokufa. Likirudi kavu kutoka kwenye ukuta wa chokaa, anaongeza sufi ndani ya kasha, au anamwambia mama mwenye nyumba atundike kanga. Tulibana pumzi mpaka mbavu zikauma.

Baada ya hapo analetewa kahawa, sisi tunagawana kashata yake, naye anauliza swali la pili: unapenda kusikiliza nini? Mpenzi wa taarabu alipewa spika ndogo, ili fidla isifunikwe. Wa dansi alipewa pana, na kasha refu la kubeba besi. Mzee wa taarifa ya habari aliwekewa yake usawa wa sikio la mtu aliyeketi, mbali na kona, kwa kuwa kona humfanya msomaji aongee kama yumo ndani ya pipa.

Jirani yetu Bi Mwanaisha, wa mikeka miwili, alitaka spika kubwa kushinda ya wifi yake. Baba akamtazama. "Bi Mwanaisha, unataka kusikiliza au unataka kusikilizwa?" Bibi akanuna siku tatu, kisha akachukua ndogo, na mpaka tunahama alikuwa akiifuta vumbi kwa upindo wa kanga.

Ya mwisho alinitengenezea mimi nilipoolewa. Mikeka mitatu, mpenzi wa taarabu na michezo ya redio. Zuhura wangu alizoea kulala mchana kwa sauti hiyo. Serikali ilipotuhamishia kijijini, kaburi la baba lilibaki, mikorosho ikabaki, na karakana tuliiacha mlango wazi. Kasha lile ndilo pekee la baba lililopanda lori.

Na nililitoa mwenyewe. Nisijifanye. Mwenyekiti aliliomba wiki moja kwa ajili ya kikundi cha kusikiliza redio, nami nilikiamini kijiji. Nilimwambia: ni la chumba cha mikeka mitatu, msilipeleke uwanjani. Akaitikia. Vijana wa ofisini wakalitundika uwanjani, mbele ya kijiji kizima, wakaliunga kwenye mashine ya kukuzia sauti mikutanoni. Wa nyuma hawakusikia, basi wakazungusha kitufe mpaka mwisho, karatasi ikapasuka huku wanapiga makofi. Nilipowauliza, mmoja akanijibu, "Dada, spika nzuri ni inayopiga kelele." Kijana amefika darasa la saba huyo, hajawahi kuhesabu hata mkeka mmoja.

Zamani mtu alikuwa anaingia kwanza chumbani mwako, akanyamaza, akasikiliza, ndipo akakuambia unachohitaji. Sasa tunaletewa tu, na tunaambiwa tushukuru. Redio yangu bila kasha lile inavuma kama nyuki ndani ya kopo. Zuhura hasinzii tena mchana. Na hakuna aliyebaki anayejua kofi lile.

Mume wangu aliniambia niache, nitaonekana mpinga maendeleo. Nilisoma Lindi mpaka kidato cha nne, barua naijua. Hii hapa, niliipeleka kwa mkono Ijumaa, ikagongwa muhuri mbele yangu:

"Ndugu Katibu Kata,

YAH: KUHARIBIWA KWA SPIKA YA MAREHEMU BABA YANGU

Nalalamika rasmi kwamba mwenyekiti wetu aliazima spika ya chumba cha mikeka mitatu kwa wiki moja, akaitumia uwanjani nikiwa nimemkataza, ikapasuka, na sasa ni kiota cha kuku.

Naomba ofisi isinunue spika nyingine kabla ya kutuma mtu akapime mahali itakapokaa na kuwauliza watu wanataka kusikiliza nini.

Naomba pia nirudishiwe kasha, pamoja na sufi yake, kuku akishamaliza kuatamia. Sauti siidai. Aliyeweza kuirudisha tulimwacha kule mlikotutoa."