Divai Niliyoichemsha

Mwaka tulipohamishiwa kijijini, kando ya barabara iendayo Kibondo, niliacha migomba yangu mlimani, upande wa Nyakitonto, ikiwa na mikungu. Mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya mkonge Tanga, naye alikuwa amenyamaza muda mrefu hata nikaacha kuulizia kila basi likisimama. Nilipewa kiwanja katikati ya watu waliotoka vilima mbalimbali. Nyumba zilipangwa kwa mstari, na sijapata kuwa mpweke kama nilivyokuwa kwenye mstari ule. Kule mlimani jirani alikaa mbali lakini alinijua. Hapa nilimsikia jirani akikohoa na sikujua hata ametoka wapi.

Kwetu Waha, mwenye nyumba mpya huita watu wakanywa. Pombe ya ndizi, urwarwa, ndiyo inayomfungulia mlango. Lakini migomba yangu mipya ilikuwa inanifika magotini. Yaliyokuwepo ni mananasi, tele mpaka yanaoza. Nikakumbuka mwanamke mmoja aliyewahi kupika misheni ya Kasulu alivyonieleza kwamba juisi ya matunda hugeuka divai, tena haitaki unga wa mtama kama urwarwa. Unaiacha tu, inachachuka yenyewe.

Nikamenya, nikaponda, nikakamua kwa kipande cha kanga. Halafu nikaichemsha. Naam, niliichemsha! Redio ya dukani ilikuwa ikituhimiza kila siku tuchemshe maji ya kunywa, nami sikutaka mtu aumwe tumbo aseme amelishwa kitu kwangu. Mwanamke mgeni, anayeishi peke yake, haichukui muda kuitwa mchawi. Nikaimimina kwenye mtungi mpya kutoka sokoni, nikaufunika kwa jani la mgomba, nikapita nyumba hadi nyumba nikialika watu waje Jumapili.

Wakaja. Ua ulijaa, nikafurahi hadi nikajiziba mdomo nisicheke ovyo. Desturi ni kwamba mwenye pombe huonja kwanza mbele ya watu, waone haina sumu. Nikachota, nikanywa. Ilikuwa tamu kama dawa ya kikohozi ya mtoto, haina hata ukali wa kuwasha ulimi. Nikameza, nikajikaza kisabuni, nikapitisha kikombe.

Mwanamume aliyekipokea alikunywa, akakitazama kile kikombe.

"Mama, hii ni ya wagonjwa," akasema.

Watu wakacheka, na wala hakikuwa kicheko kibaya. Wakakaa kidogo, wakazungumza habari za mvua, wakaaga mmoja mmoja jua likiwa bado juu. Nilimsikia mmoja akisema njiani kwamba pombe ikigoma kuchachuka, basi nyumba hiyo ina jambo.

Alibaki mama wa nyumba ya pili, aliyevuka kutoka Burundi wakati wa machafuko ya kwao. Nilikuwa simpendi, macho yake yalikuwa ya kukaguakagua. Akauliza kama nitaimwaga. Nikamwambia aichukue akitaka. Akaenda akaleta kibuyu kilichopauka, akakijaza, akaondoka. Nikasema moyoni, hata hicho kidogo wamenichukulia. Niliosha vikombe huku nalia.

Baada ya hapo hakuna aliyekanyaga uani kwangu. Salamu nilipewa, za barabarani. Jioni nilisonga ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja hausongeki vizuri, unaungua upande. Nilianza kupanga kutoroka nirudi kwenye migomba yangu, ingawa nilijua nyumba ilishavunjwa.

Alasiri moja mama yule akasimama mlangoni, kibuyu kwapani.

"Mwiriwe."

"Mwiriwe," nikaitikia, bila kuinuka.

"Nimekuletea divai yako."

"Divai yangu ipi?"

"Ile juisi. Hiki kibuyu kimebeba urwarwa tangu kwa mama yangu, nilivuka nacho mto Malagarasi. Kimejaa chachu mwilini. Ukikitia maji tu, yanataka kulewa." Akacheka peke yake. "Wewe uliichemsha, sivyo? Uliipika ukaiua."

Nilitaka kukasirika, hasira haikuja. Aliketi kabla sijamkaribisha, akajichukulia kikombe kwenye kichanja, akamimina. Ilitoa povu. Nikanyoosha mkono nipokee, lakini hakunipa. Alinitazama machoni, akanywa yeye kwanza, akameza, akatulia kidogo ili nimwone vizuri. Ndipo akanipa kwa mikono miwili.

Ilikuwa kali, ikanipanda puani. Machozi yalinitoka, na sikuisingizia divai. Tangu nihamie kwenye mstari ule wa nyumba, mimi ndiye niliyekuwa nimeonja mbele ya watu. Hakuna mtu aliyekuwa ameonja kwa ajili yangu.